Soko Likilala, Ukweli Usilale



Soma Yeremia 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe amefungwa katika ua wa walinzi. Nani angetaka shamba wakati kama huo? Lakini Yeremia alilinunua lile la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Akazipima kwa mizani, akaandika hati, akaita mashahidi, hati ikahifadhiwa katika chombo cha udongo. Soko lilikuwa limekufa, lakini kila kitu kilifanywa wazi.

Nayasema haya nikiwa muuzaji. Huu ni mwezi wa 9 tangu mimi na mama watoto tutangaze kuuza nyumba yetu ya Kitengela. Mama yangu ana bili ya hospitali, na bili haingoji soko. Watu wanakuja, wanazunguka, wanasema "tutakupigia," kisha kimya.

Juzi broka akatuambia tupake rangi ule ukuta unaoingiza maji wakati wa mvua, tunyamaze. Mke wangu akamjibu, "Atakayenunua atalala hapa na watoto wake." Mnunuzi alipokuja tukamwonyesha ukuta, tukapunguza bei kwa gharama ya kuurekebisha. Hajapiga simu mpaka leo.

Mpendwa, kama unauza nyumba, ploti au gari na siku zinasonga, punguza bei ikibidi. Ukweli usiupunguze. Hatimiliki utamkabidhi mwingine. Dhamiri utabaki nayo.

Unayesubiri mnunuzi, andika jina lako hapa chini tuombe pamoja.

Mbarikiwe.