Daftari Mbili

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii aghalabu huambiwa kijana aliye masomoni ambaye papo hapo anatafuta riziki kwa biashara ndogo. Wazazi humwambia, walimu humwambia, na rafiki zake waliokwisha kuchagua moja humwambia vilevile. Hapana shaka kwamba maneno hayo yana kweli nyingi ndani yake, maana siku ina saa 24 na mtu ana kichwa kimoja. Walakini methali hutazama mikono ya mshikaji tu. Haisemi neno juu ya vitu vyenyewe vinavyoshikwa, kama vyaweza kukaa kwa mtu mmoja bila ya kimoja kukiharibu kingine. Jambo hilo la pili ndilo lililomfika mwanafunzi mmoja wa Hanga.

Hanga imo katika wilaya ya Namtumbo, iliyokatwa katika wilaya ya Songea mwaka 2002, mkoani Ruvuma. Ni nchi ya Wandendeule na Wangoni, nchi ya mahindi, ufuta na tumbaku. Jina lake hujulikana mbali kwa sababu ya abasia ya watawa Wabenediktini Waafrika iliyo pale. Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia watawa wake kanuni huko Italia katika karne ya 6, aliweka katika kila siku saa za kazi za mikono na saa za kusoma. Tena aliagiza kwamba vitu vinavyotengenezwa na watawa viuzwe kwa bei iliyo chini kidogo ya bei ya watu wengine, ili tamaa isipate mlango wa kuingilia. Kwa hiyo Hanga si mahali ambapo kitabu na kazi ya mikono hutazamana kama maadui.

Mwanafunzi huyo alikuwa mwana wa wakulima. Alikuwa akisomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu, na fedha alizokuwa nazo zilitosha ada lakini hazikutosha chakula, nauli na karatasi. Basi aliporudi nyumbani kufanya utafiti wake alijenga kibanda cha mbao kando ya njia. Aliuza chumvi, sukari ya kupima, sabuni za mche, viberiti, mafuta ya kula kwa vipimo vidogo, na daftari na kalamu za watoto wa shule. Juu ya hayo alikuwa wakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, kazi iliyoanza katika Tanzania mwaka 2008 na ambayo siku hizi ni nadra kijiji kuikosa. Faida ya kila kitu ilikuwa ndogo, lakini haba na haba ilimnunulia taa ya jua, na kwa taa hiyo alisoma.

Aliamka saa 10 za usiku akasoma mpaka kengele ya abasia ilipolia. Saa 12 asubuhi alifungua kibanda kwa wanaokwenda shamba. Jua lilipopanda alimwachia mdogo wake mizani, akaenda nyumba hata nyumba kuzungumza na wazee. Jioni alirudi kwenye mizani, na usiku aliketi mbele ya meza yake moja kuandika daftari mbili. Daftari yenye jalada jeusi ilikuwa ya madeni, na yenye jalada la samawati ilikuwa ya utafiti. Usingizi ulipomzidi alizichanganya. Siku moja alimpelekea msimamizi wake sura ya kwanza ya tasnifu, na katikati ya aya mbili za nadharia palikuwa na maneno haya: sabuni vipande 2, atalipa Jumamosi. Msimamizi hakukasirika. Aliandika pembeni kwa wino mwekundu, akiuliza kama Jumamosi ilikwisha kufika.

Utafiti wake ulihusu watu wanaoondoka na fedha zinazorudi nyumbani. Jambo hili ni la zamani katika Ungoni na Undendeule. Katika miaka ya kwanza ya 1950 mtaalamu wa Kiingereza, P. H. Gulliver, alikaa na watu wa nchi hizo, na mwaka 1955 kitabu chake juu ya wanaume waliokwenda kufanya kazi mbali kilitolewa Kampala. Wengi walikwenda katika mashamba ya mkonge, ambako mfanyakazi wa mkataba aliitwa manamba, kwa kuwa alijulikana kwa namba kabla ya jina, na siku zake za kazi zilihesabiwa katika kipande. Siku hizi vijana hawaendi mkongeni. Huenda Songea, Dar es Salaam na miji mingine, wakabeba mizigo, wakaendesha pikipiki au wakauza nguo njiani. Mwanafunzi alitaka kujua jambo moja: je, fedha ya mwenye kuondoka hurudi nyumbani kwa kadiri gani?

Alijiona yu katika njia njema. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu kilichokuwa Dar es Salaam walirudi kwao wakati wa likizo kuwasikiliza wazee waliokumbuka Vita vya Majimaji vya 1905 hata 1907. Wawili kati yao, Mapunda na Mpangara, walitoa mwaka uliofuata kitabu juu ya vita hivyo katika Ungoni. Mtafiti aliyezaliwa mahali anapochunguza ana faida kubwa, maana lugha ni yake na njia za vijiji anazijua. Lakini yeye pia ni mjukuu wa mtu, jirani wa mtu, na kama ana kibanda, mdai wa mtu.

Alizungumza na watu wa nyumba 40. Karibu wote walisema kwamba watoto wao walioondoka hutuma fedha kila mwezi, au kila miezi miwili. Aliandika majibu hayo katika daftari ya samawati, naye akafurahi kwa muda. Kisha furaha ikamtoka, kwa kuwa wengi wa watu wale walipokea fedha zao katika kibanda chake, na wakala huandika kila muamala. Alijua nani alipokea na nani hakupokea. Bibi mmoja aliyemwambia kwamba mwanawe aliye Dar es Salaam hamsahau hata mwezi mmoja hakuwa amepokea hata shilingi moja kwa miezi 14. Katika daftari nyeusi deni la bibi huyo lilikuwa limefika shilingi 14,500, za chumvi, sukari na mafuta. Kila alipokuja alisema kwamba atalipa mwanawe atakapotuma.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwanafunzi alikuwa kata, na mtungi ulikuwa kijiji kizima. Usiku mmoja alizifungua daftari zote mbili chini ya taa, akapanga jedwali. Upande mmoja aliweka yaliyosemwa barazani, na upande wa pili yaliyoonekana dukani. Tofauti ilikuwa kubwa. Alijua kwamba mtafiti mgeni, hata angekuwa na fedha nyingi na wasaidizi wengi, asingeweza kupata jedwali kama lile. Msimamizi alipopata habari za jambo hili alivutwa nalo, akamwuliza kama angeweza kulitumia bila ya kumvunjia mtu heshima.

Moyo wa mtu haukosi hoja anapotaka jambo. Mwanafunzi alijiambia kwamba hatataja jina la mtu yeyote. Alijiambia kwamba elimu hutafuta kweli, na kweli ilikuwa imelala mezani pake. Alijiambia pia kwamba kila mmoja wa watu wale alikubali kuhojiwa. Hoja ya tatu ndiyo iliyomkosesha usingizi, kwa sababu alianza kujiuliza walikubali vipi. Mtu anayemdai mwenzake chumvi ya mwezi mzima anapobisha hodi na kusema ana maswali machache, mdaiwa atamwambiaje kwamba hataki? Wengine katika wale 40 walikuwa ndani ya daftari nyeusi. Huenda walifungua vinywa vyao kwa mapenzi, na huenda walifungua kwa kuhofu kwamba kesho sukari itafungwa. Kalamu yake haikuweza kupambanua haya mawili.

Asubuhi alikwenda kwa yule bibi. Alimkuta barazani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na daftari gani leo?"

Aliona haya, maana swali lilikuwa limetangulia lake. Akajibu, "Nimekuja na zote mbili, bibi, na hilo ndilo lililonileta." Akaketi akamweleza jambo lote, pamoja na jedwali aliloliandika usiku. Bibi aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Hapa barazani ulikuja kuuliza, nami nikakujibu," alisema. "Dukani nilikuja kununua chumvi. Sikuja kuandikwa."

"Lakini deni naliandika, bibi."

"Deni unaliandika nikiona, na ni baina yangu na wewe. Hilo jingine uliliandika nikiwa nimekupa kisogo." Akachukua gunzi la pili. "Mwanangu hatumi. Wewe wajua, na mimi najua kuwa wajua. Lakini nikisema kwa watu kwamba hatumi, nitakuwa nimemfungia mlango. Siku atakapotuma, asikute kitabu kimekwisha kumwita mtu aliyemtupa mama yake."

Mwanafunzi alinyamaza kitambo. Kisha aliuliza, "Maneno haya uliyoniambia sasa, bibi, niyaandike au niyaache?"

"Haya yaandike, maana nimekupa mwenyewe. Jina langu liache hapa hapa barazani."

Mwanafunzi alirudi nyumbani akalichana jedwali. Halikuwa jambo jepesi, kwa kuwa lilikuwa kazi bora kuliko zote alizofanya tangu aanze masomo. Kisha alizirudia nyumba zote 40. Katika kila nyumba alisema kwanza kwamba anayoyaona dukani hayataingia katika utafiti. Akasema pia kwamba mwenye deni anaweza kukataa maswali, na kwamba kukataa kwake hakutapunguza wala kuongeza kijiko cha sukari. Watu wa nyumba 3 walikataa, naye akayafuta majibu yao ya zamani mbele ya macho yao. Wengine walikubali, na baadhi yao walizungumza kwa urefu ambao hakuuona mara ya kwanza. Mzee mmoja aliyewahi kuwa manamba alimweleza kwamba hata zamani za mkonge, mtu aliyekawia miaka bila ya barua alisemwa nyumbani kwamba yu njiani, na aliyesema vinginevyo mbele ya mama yake alihesabiwa kuwa hana adabu.

Hapo mwanafunzi alifahamu kwamba neno "anatuma", alilolichukua kuwa hesabu ya fedha, lilikuwa pia namna ya kumwekea mtu mahali pake nyumbani. Aliyelitamka hakuwa amekusudia kumdanganya mtafiti. Alikuwa akilinda mlango usifungwe. Aliyaandika hayo katika tasnifu yake kwa maneno ya watu waliompa ruhusa. Hakuweka kiasi cha shilingi kati ya yasemwayo na yapokelewayo, akaeleza wazi kwa nini hakukiweka. Sura ile ikawa fupi. Msimamizi aliirudisha mara mbili, akaikubali mara ya tatu. Kazi iliyotazamiwa kumalizika kabla ya mvua ilimalizika baada ya mavuno, na shahada ikachelewa mwaka mmoja. Katika mwaka huo kibanda ndicho kilichomlisha.

Kuhusu yule bibi, mwanafunzi aliwaza kumfutia deni, kisha akaona kwamba kufuta deni la mtu aliyekwisha kumpa maneno kungekuwa ni kuyanunua maneno yale baada ya kutolewa bure. Akaliacha lilivyo. Mnada wa ufuta ulipokwisha na wakulima kulipwa, bibi alikuja na shilingi 5,000. Alisimama mpaka alipoona zimeandikwa, kisha akanunua chumvi ya fedha taslimu.

Wanaosema kwamba mshika mbili moja humponyoka wanahofia kwamba kijana atakosa shahada au atakosa mtaji. Hofu hiyo ni ya haki, na vijana wengi wamepatwa na moja la mambo hayo. Lakini iko hasara nyingine isiyohesabiwa mara nyingi: kwamba mkono mmoja utapokea kilichoaminiwa kwa mkono wa pili. Muuza duka huaminiwa shida za watu, mtafiti huaminiwa maneno yao, na amana hizi mbili hazichanganywi pasipo idhini ya wenyewe. Mwenye kujua hivyo aweza kushika mbili, ingawa atachoka na atachelewa.

Mwanafunzi alinunua meza ya pili, ndogo, ya mbao za msonobari. Daftari nyeusi ilikaa juu yake kando ya mizani, na ile ya samawati ilibaki mahali pake pa zamani chini ya taa. Kengele ya alfajiri ilipolia alianza na hii, akamaliza na ile.