Moto wa Ghorofa ya Sita

Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, kupanga jiko ni kazi ya nusu saa. Unalitoa jiko la makaa uani, unaangalia upepo unatoka wapi, unakoka moto. Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Nairobi akiniomba nikamsaidie kupanga jiko la fleti yake mpya ya ghorofa ya sita, Kileleshwa, nilifunga safari kwa hamu na mshangao. Nilikuwa sijapata kuvuka Voi.

Treni ya SGR kutoka Mombasa huishia Syokimau, nje ya jiji. Pale unapanda treni nyingine ndogo hadi stesheni ya zamani katikati ya mji. Niliposhuka, baridi ya Julai ilipenya leso zote mbili nilizojitanda.

Kioja cha kwanza kilikuwa chai. Mdogo wangu aliichemsha juu ya mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, ule wenye kichomeo kichwani. Ilitokota vizuri, lakini mdomoni haikuwa na ukali wa moto niliouzoea. Alinieleza kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na maji huku huchemka karibu na nyuzi 95, si 100 kama pwani. Ndiyo maana maharage yanakawia kuiva, na ndiyo maana sufuria ya presha imo karibu kila nyumba niliyoingia.

Kesho yake tuliingia mjini. Barabara ya Luthuli ni maduka ya vyombo vya umeme mtindo mmoja, spika zinanguruma mlangoni, na ndani majiko yamepangwa kwa upana: sentimita 50, 60, 90. Mengi yana mafiga matatu ya gesi na sahani moja ya umeme, ili gesi ikikatika ugali usilale mbichi, na stima ikipotea chai isikose. Hilo nililipenda mno. Nani kwetu hajakutwa na giza na makaa yameisha?

Kutoka hapo tukateremka Kamukunji. Nyundo! Mamia ya mafundi wa jua kali wanagonga bati bila kupumua, wanatoa masanduku, makarai, sufuria na lile jiko la bati lenye kiuno na udongo ndani, tunalopikia Mombasa kila siku. Muundo wake ulianza kuenea hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, nami nilikuwa nikidhani ni letu la pwani tangu zama. Nikanunua sufuria ya pilau, kubwa hasa.

Sufuria hiyo ndiyo iliyotuamulia jiko. Tulipanda nayo matatu hadi Westlands, kwenye duka ambalo majiko yametumbukizwa ndani ya meza za mawe na oveni zimefichwa ukutani kama kabati. Muuzaji alitukaribisha kwa adabu. Nikamwomba ruhusa, nikaiweka sufuria juu ya jiko la upana wa sentimita 60. Ilifunika mafiga mawili na kulisukuma la tatu. Tukahamia la sentimita 90, lenye figa kubwa katikati, na hapo ikatulia pamoja na sufuria ya mchuzi pembeni. Namshauri kila mwenye kununua jiko aende na sufuria yake. Kipimo cha karatasini hakijui pilau ya arubaini.

Oveni ya ukutani ndiyo iliyonivutia kuliko vyote. Ina moto juu na moto chini, kila mmoja na swichi yake, vilevile tunavyopalia makaa juu ya kifuniko tunapooka mkate wa sinia. Tofauti ni kwamba huku husogezi kaa hata moja, na huinami. Tuliporudi Kileleshwa na vyote viwili, fundi wa makabati alinisimamisha ukutani, akanikunjisha kiwiko, akapiga alama kwa penseli chini kidogo ya hapo: trei itoke kwenye kimo hicho, mama, usibebe mafuta ya moto juu ya uso wako. Maisha yangu yote nimepika nimekaa kwenye kibao. Kupimiwa jiko kama kanzu kulinifurahisha sana.

Lakini kabla ya kabati kuna waya. Soketi ya kawaida ya Kenya ni ya ampea 13, yaani takriban wati 3,000 kwa umeme wa volti 240, na oveni kubwa ikiungana na birika la umeme kwenye soketi moja inazidi hapo. Fundi wa umeme alivuta waya mnene wa oveni peke yake kutoka kwenye boksi la fyuzi, akaweka swichi yake pembeni, mahali mkono unafika bila kupita juu ya moto.

Gesi ya jengo la mdogo wangu hupanda kwa mabomba kutoka mitungi mikubwa iliyo nje, chini. Wakazi wa Nairobi hawaichezei tangu lori la gesi lilipolipuka Embakasi Februari 2024. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, kwa hiyo kuna tundu la hewa chini ukutani, ambalo mdogo wangu alitaka kuliziba kwa sababu ya baridi. Fundi alikataa katakata. Feni ya moshi aliipachika sentimita 70 juu ya mafiga, kisha akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kungoja. Hakuna lililofura. Hapo tu ndipo akawasha.

Pilau iliiva, ikachelewa kidogo kuliko ya Mombasa. Wewe unayejenga au kununua fleti, mwite atakayepika kabla kuta hazijapigwa plasta, apimwe kiwiko, aseme sufuria yake ni ya kiasi gani. Na lile tundu la chini usilizibe.