Kijiti cha meno na simu ya shangazi

Leo naweka programu kando kidogo, tuzungumze kuhusu tundu la chaji.

Shangazi yangu anauza nyama choma hapa Kikopey, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru. Mwezi jana simu yake ilianza kukataa chaji: ukiupinda waya inakubali, ukiuachilia inakataa. Msiseme ni simu tu! Wateja wake wengi ni wasafiri na wanalipa kwa M-Pesa. Simu ikizima haoni ujumbe wa malipo, na mtu aliyekwisha kushiba hana subira ya kungoja. Fundi wa Gilgil alitaka shilingi 1,500 abadilishe tundu lote. Nikamwambia, shangazi, ngoja kwanza.

Sasa sikilizeni. Tundu la USB-C limeundwa kustahimili kuchomekwa mara 10,000 hivi, na vispringi vinavyochakaa viko kwenye waya, si kwenye simu. (Waliobuni walitumia akili: waya ni rahisi kubadilisha.) Kwa hiyo jaribu waya mwingine kabla ya kumlaumu yeyote. Huo nao ukikataa, mulika tochi ndani. Kwa shangazi niliona ukuta wa kijivu: nyuzi za mfuko wa aproni, vumbi na mafuta ya mbuzi, vyote vimeshindiliwa kila anapochomeka, hadi waya haufiki mwisho.

Zima simu. Chukua kijiti cha meno cha mbao. Kikopey havikosekani mezani. Chokonoa taratibu kando ya kuta, ukikwepa ule ulimi wa katikati wenye pini. Sindano hapana, chuma hukwaruza pini na kinaweza kuleta shoti. Mafuta yakigandamana, lowesha mswaki laini kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kidogo tu, kisha acha ikauke kabisa. Mimi ninayo chupa ya kusafishia tarakilishi. Spiriti ya vidonda nyingine huongezwa mafuta, soma kibandiko. Mswaki huo huo, ukiwa mkavu, unasafisha na wavu wa spika ya masikioni.

Dakika kumi, waya ukaingia "tik", chaji ikakubali bila kupindwa.

Kitufe cha kuwasha kikifa, kama simu ni Android 9 kwenda juu, fungua Mipangilio, halafu Ufikivu, uwashe Menyu ya Ufikivu. Kufunga skrini, kuzima na sauti vyote vinakuja kwenye kioo. Ila usiiache chaji iishe, maana kuiwasha tena ndiyo kazi.

Betri iliyovimba usiiguse kwa kijiti wala kuibonyeza irudi. Hiyo inaweza kuwaka moto. Zima, usichaji, mpelekee fundi.

Tangu hapo jirani wa shangazi ameniletea yake, kitufe cha sauti kimezama ndani. Hiyo naifungua Jumamosi.