Chupa ya Bluu na Magugu ya Mlali

Mlali, Mvomero

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka chini ya Milima ya Uluguru.  Picha uliyonitumia kutoka maabara, ya chupa ambayo maji yake yaligeuka bluu ulipoyamulika, naitazama kila jioni. Leo nimepata cha kukuandikia juu yake.

Kuja huku ukitoka Morogoro mjini unafuata barabara ya Iringa, kisha unaiacha Sangasanga na kushika njia ya Mgeta. Malori yanateremka na kabichi za mlimani. Ukiingia Mlali unapokewa na nyanya, zilizo shambani na zilizokwisha kupangwa kwenye matenga zikisubiri gari.

Mwenyeji wangu, mzee wa Kiluguru, alinipeleka kuona kipande cha shamba anachokitayarisha kwa kupanda. Alikipulizia dawa ya magugu jana asubuhi. Niliinama nikachuma jani moja la nyasi. Katikati lilikuwa bado kijani, lakini kila tone lilipotua palikuwa na doa la hudhurungi, kavu, linalovunjika ukiligusa. “Jua likiwa kali, jioni tu unaona kazi yake,” aliniambia. “Kukiwa na mawingu, inachelewa.” Kwenye lebo ya chupa nilisoma jina la dawa: parakwati.

Mdogo wangu, hiyo ndiyo molekuli yako. Nyinyi maabara mnaiita methili violojeni, ambayo wanakemia Weidel na Russo waliitengeneza mwaka 1882, kabla ya mtu yeyote kuwaza kuimwagia magugu. Kampuni ya ICI ya Uingereza iligundua uwezo wake wa kuua mimea mwaka 1955, na kufikia 1962 ilikuwa sokoni. Muundo ni uleule: pete mbili zilizounganishwa, kila moja ina naitrojeni yenye chaji chanya. Kwa sababu ya chaji hizo ina uchu mkubwa wa elektroni.

Sasa tazama inavyofanya kazi sehemu zote mbili, chupani kwako na shambani kwa mzee. Kwenye chupa yako mna vinukta vya kwantamu, punje za semikondakta ya kadimiamu na seleniamu zenye upana wa nanomita 2 hadi 6, vidogo kiasi kwamba ukubwa wake peke yake ndio unaoamua rangi yake. Ndivyo vilivyowapatia Ekimov, Brus na Bawendi Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2023. Mwanga ukigonga kinukta, elektroni inaruka juu na kuacha pengo nyuma yake. Isipochukuliwa, baada ya makumi ya nanosekunde itarudi kwenye pengo lake, na ile nishati itatoka kama mng'ao au joto. Violojeni ikiwa imejishika kwenye kinukta, haingoji. Inaichukua elektroni ndani ya pikosekunde chache, pengine chini ya moja, na pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Ikishaipata inageuka bluu. Rangi uliyoipiga picha ndiyo hiyo: elektroni iliyokwisha kuhama.

Umenieleza unavyohangaika kuivua ile asidi ya oleiki inayovizunguka vinukta. Usikate tamaa, taabu hiyo ina maana. Asidi hiyo, ambayo imo kwa wingi hata katika mafuta ya karanga, inavizuia vinukta visigandamane, lakini mkia wake mrefu unaiweka molekuli mbali, na kila umbali unapoongezeka kidogo, uwezekano wa elektroni kuvuka unashuka sana.

Kwenye jani la mzee, kazi ya kinukta inafanywa na klorofili. Mwanga unasukuma elektroni, na katika fotosistimu ya kwanza elektroni hiyo ilipaswa kupelekwa kutengeneza sukari. Parakwati inaipora njiani. Halafu inaikabidhi kwa oksijeni, na oksijeni iliyopewa elektroni hiyo inageuka supaoksaidi, inayozaa sumu nyingine za kuchoma utando wa seli. Parakwati yenyewe haimaliziki. Ikishaitoa elektroni inarudi ilivyokuwa, tayari kupora nyingine, na itaendelea hivyo maadamu jua linawaka. Mzee hajasoma haya popote, lakini ameyaona shambani kwa macho yake.

Wewe unaifukuza hewa kwenye chupa kabla ya kuimulika. Hewa ikiingia, bluu inapotea, kwa kuwa oksijeni imeshaichukua elektroni. Ukiiweka platinamu mahali pa oksijeni, elektroni hizohizo zinakwenda kwenye maji na kutoa haidrojeni, nishati safi. Tianquan Lian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory walionyesha mwaka 2012 kwamba vifimbo vya kwantamu, yaani vinukta vilivyorefushwa, vinaweza kuigeuza violojeni kuwa ya bluu karibu bila kupoteza chembe ya mwanga iliyofyonzwa. Kuanzia mwanga hadi elektroni kuhama, hatua za chupa na za jani ni zilezile. Tofauti ni nani anayeipokea elektroni baadaye.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ya mapafu ya watu. Parakwati ikimezwa inajikusanya kwenye mapafu, na huko haihitaji jua, kwani vimeng'enya vya mwili vyenyewe vinaipa elektroni. Funda moja linatosha kuua, na hakuna dawa ya kuipinga. Hata oksijeni ya mtungi, inayomwokoa mgonjwa mwingine, kwa huyu huongeza moto. Umoja wa Ulaya uliiondoa mashambani mwake mwaka 2007. Mzee anapuliza kwa bomba la mgongoni, mikono mitupu. Nimemwachia glavu zangu na nimemweleza kuhusu mapafu. Alinisikiliza kwa makini, akauliza kama kitambaa puani kinatosha. Nilimjibu hakitoshi.

Nawe vaa zako, kwani kadimiamu nayo ni sumu. Halafu niandikie: mkiibadilisha violojeni kwa molekuli nyingine zinazopokea elektroni, kama kwinoni au methilini bluu, elektroni inavuka upesi vilevile?

Dada yako