Dufu la Sekunde Mbili

Mjukuu wetu anayo sampla ya zamani, E-mu SP-1200, mashine ya mwaka 1987 inayonasa sauti na kuzipanga ziwe midundo. Nafasi yake ni sekunde 10 tu kwa jumla, na kipande kimoja hakizidi 2.5. Ikizimwa kabla kazi haijahifadhiwa katika disketi, yote hupotea.

Haya yasingetushughulisha, lau asingenasa humo dufu la marehemu ndugu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, kutoka katika kanda ya maulidi. Kanda hiyo baadaye ilitafunwa na redio. Tukamwuliza: dufu limo katika disketi ipi? Akatuonyesha rundo, moja imeandikwa "mpya", nyingine "mpya kabisa". (Ualimu haustaafu!) Tukampa daftari: nambari ya disketi, tarehe, jina la mpigaji, na mahali ilipo nakala ya pili.

Watengenezaji midundo wa New York walikuwa wakizungusha santuri ya mwendo wa 33 kwa mwendo wa 45, kisha wakiipunguza kasi ndani ya mashine. Waliokoa kama robo ya nafasi, ila sauti ilikwaruza. Dufu, alhamdulillahi, lilinaswa kwa mwendo wake, likala sekunde 2 nzima. Sasa nafasi inambana kijana, anataka kulikata mkia. Tumemwomba afute ngoma nyingine.