Kisu cha Mhunzi na Mti Mbichi

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, fikira zetu aghalabu hukimbilia ngoma, mavazi na hadithi. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba utamaduni umo pia katika mikono: namna ya kushika chombo, kukinoa na kukitumia hata kitu kisichokuwapo kikawapo. Jambo hili nililitafakari nilipokijaribu kisu nilichofuliwa na mhunzi wa kijijini, nikachonga mwiko.

Kisu hicho kilitokana na kipande cha springi ya gari kuukuu. Springi ni pua, na pua ikichomwa hadi iwe nyekundu, kisha ikazamishwa ghafla katika maji au mafuta, hupata ugumu. Kazi hiyo huitwa kutia matiko. Lakini ugumu mtupu ni adui wa kisu, kwani hukifanya kivunjike kama kigae. Kwa hiyo mhunzi hukirudisha motoni kwa joto la wastani, ili kipungue ukaidi na kibaki na ukali. Kipimo chake ni jicho: huisoma rangi ya chuma kama sisi tusomavyo herufi. Alipokwisha, aliuchomeka msuka katika mpini wa mninga, akanikabidhi.

Nilichagua tawi bichi la mwembe, maana mti mbichi hukatika kwa urahisi kuliko mkavu. Wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi hawakuwa mbali na wachonga miti. Nililipasua tawi kwa shoka, nikachora umbo la mwiko kwa mkaa, nikaanza kuchonga. Mara nikatambua kwamba nyuzi za mti ndizo zitoazo amri. Ukizifuata zinakoelekea, kisu huteleza na kutoa maranda membamba yenye kujikunja; ukienda kinyume chake, makali huzama na mti hupasuka usipotaka. Hapo huna budi kuugeuza mti na kukata kutoka upande wa pili. Kisu nacho husukumwa mgongoni kwa kidole gumba cha mkono ulioshika mti, kidogo kidogo, wala si kwa nguvu za bega.

Katika ubapa na mpini wa mwiko kisu kilifanya kazi vyema. Makali yalidumu hadi alasiri, nami nilikinoa mara moja tu. Lakini penye shingo ya mwiko, palipohitaji mkunjo mdogo, unene wa mgongo wake ulikizuia kugeuka. Nilipomweleza mhunzi, alicheka. "Mwalimu," akasema, "hicho ni kisu cha kazi nyingi. Ukitaka cha mikunjo, nitakufulia kingine, chembamba."

Ujuzi huu si wa jana. Huko Kagera, katika nchi ya Wahaya, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Ufipani tanuri za udongo zilizoitwa malungu zilizidi kimo cha mtu. Nao Wamakonde, kwa tezo na patasi, wameupatia sifa duniani mpingo, mti mzito hata huzama majini.

Huenda msomaji akauliza: ya nini taabu hii, na miko imejaa sokoni? Ni kweli kwamba nikihesabu saa nilizotumia, mwiko wangu ni ghali kuliko wa dukani. Lakini mhunzi yule hana mwanafunzi. Wanawe wameshika kazi ya pikipiki mjini, wala hatuwezi kuwalaumu, kwa kuwa kila mtu hufuata riziki yake. Siku moto wake utakapozimika, maneno kama matiko na msuka yatabaki katika kamusi, lakini rangi ya pua iliyo tayari haitakuwa na wa kuitambua. Kamusi haionyeshi rangi.

Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitutaka tuunganishe darasa na kazi. Wito huo ungali na maana. Walimu wa historia, kemia na Kiswahili wanaweza kuwapeleka wanafunzi wao pamoja kwa mhunzi mmoja, na kila mmoja akapata somo lake hapo. Fundi naye astahili kulipwa kwa muda wake kama mwalimu mwingine yeyote. Tusingoje mpaka makaa yapoe ndipo tuulize moto ulikokwenda.