Jirani zetu wa Jambiani wanafungasha

Jumapili iliyopita mwanangu alirudi nyumbani kabla ya magharibi, jambo ambalo si kawaida yake, akakaa barazani bila kuvua malapa. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mama, kumbe wenzetu wanahama kweli. Nimeona mabegi."

Mimi nilijua tangu Machi. Nilinyamaza kwa sababu mama wa rafiki yake aliniomba ninyamaze, na pia, niseme ukweli, nilidhani watabadili mawazo. Wageni wa huku husema kila mwaka kwamba wanaondoka, halafu mwezi unaofuata unakutana nao dukani wananunua boflo.

Kwa msiopajua, Jambiani ni kijiji kirefu kilichojipanga kando ya bahari, pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, kama kilometa 55 kutoka mjini. Saa ya huku ni bahari. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, bahari inakimbia mbali kabisa kuelekea kwenye mwamba, na palipokuwa na maji panabaki mchanga, madimbwi na mashamba ya mwani. Hapo utawaona kina mama wanashuka na kamba na vijiti vyao. Kilimo hicho kilianza upande huu wa kisiwa mwaka 1989, na mpaka leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Ada za shule na sare za watoto wengi wa hapa zimetoka kwenye mwani huo, ingawa siku hizi maji yamekuwa ya moto na aina ile yenye bei nzuri inakufa ovyo.

Sisi wenyewe ni wageni. Tumetoka Morogoro miaka sita iliyopita, baada ya mume wangu kupata kazi ya ufundi umeme hotelini. Nilikuja nikiamini kwamba mgeni ni Mzungu, mimi nimehamia kwetu tu, nchi ni moja na lugha ni moja. Wiki ya kwanza nikaambiwa kwa upole kwamba mimi ni "mtu wa bara", na kwamba mume wangu aende kwa sheha akajitambulishe. Jirani zetu, mume na mke kutoka Ujerumani, walikuwa wamekwisha kukaa miaka miwili. Basi ikawa Mzungu ananifundisha mimi Mswahili namna ya kuishi Uswahilini: usipite barazani kwa watu bila salamu, usiende ufukweni kuchukua mwani uliotupwa na mawimbi ukidhani hauna mwenyewe, na ukiona maji yanajaa nyuma yako usisubiri kuambiwa.

Naye alifundishwa kwa aibu. Alinisimulia mwenyewe. Mwaka wao wa kwanza alikuwa akikatiza kijiji kizima na kaptura, anawapiga picha kina mama wa mwani, anawagawia watoto pipi. Hakuna aliyemkemea. Ila aliona wanawake wanapunguza maneno, "karibu" zinakuwa fupi, na watoto wakimwona wanakuja mikono mbele. Ilichukua miezi mpaka bibi mmoja jirani yake alipomwita ndani, akamwekea chai, akamfunga kanga kiunoni na kumwambia, "Mwanangu, bahari hatukukatazi. Njia ya kwenda baharini ndiyo inapita kwetu." Tangu siku hiyo pipi zilikoma na kamera ikakaa kabatini.

Huwa nawasikia watu wa mjini wakisema wageni wanaokaa vijijini wanakula raha. Wapo wa namna hiyo, wana kuta ndefu na mabwawa ya kuogelea hatua kumi kutoka baharini, jambo ambalo sijawahi kulielewa. Lakini familia hii ilipanga nyumba ya mawe ya mtu wa hapahapa na kuendesha biashara ndogo ya kupeleka watalii kuzamia. Niliona wasiwasi wao kila muda wa vibali vya ukaazi ulipokaribia kwisha. Niliona chumvi ya upepo ikila friji, ikala baiskeli, ikala mashine ya boti. Walipotaka kujenga, walimkumbuka mwenzao aliyelipia kiwanja kwa mtu mmoja wa ukoo, kisha wakatokea ndugu wengine ambao hawakuulizwa. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na kinachoweza kumfikia mgeni ni ukodishaji unaopitia serikalini. Yule mwenzao alikuwa na karatasi ya mkono tu. Wao wakaamua kubaki wapangaji.

Mambo mawili ndiyo yaliyotufanya tuwe ndugu.

La kwanza ni usiku mwanangu alipobanwa na pumu. Alikuwa na miaka mitano, baba yake yuko zamu, saa nane usiku, dawa ya kuvuta imekwisha. Niligonga dirisha lao bila hata kupiga hodi. Mume alitoka na funguo mkononi, hakuuliza kitu. Tulikwenda mpaka mjini, mtoto kifuani kwangu, nahesabu pumzi zake. Asubuhi alikuwa anakula biskuti kitandani. Mzazi anayewaza kuhamia kijiji cha mbali na mji kwa ajili ya hewa safi na utulivu, ajiulize kwanza swali hili: usiku wa manane, gari ni la nani? Hewa nilikuwa nayo tele usiku ule.

La pili ni siku jirani yangu alipopata habari ya kifo cha baba yake huko Ujerumani. Tiketi ilikuwa ghali na mazishi yalikuwa baada ya siku chache, hakuweza kuwahi. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na kaburi, na marehemu hakuna hata mmoja hapa aliyewahi kumwona. Alasiri wakaja kina mama na mikeka. Wakakaa. Mmoja alileta maandazi, mwingine chupa ya chai, mwingine hakuleta kitu ila alimshika mguu tu kama anavyoshikwa mfiwa. Walikuja siku tatu mfululizo, wakiondoka maji yanapopwa kwenda kwenye mwani na kurudi na kanga mbichi. Aliniambia baadaye kwamba kwao angepelekewa kadi.

Sasa kwa nini wanaondoka? Ni kwa ajili ya mtoto. Hapa ndipo nawaombeni wazazi wenzangu mnivumilie, kwa sababu sijawa na msimamo mmoja mpaka leo.

Yule kijana alifika akiwa na miaka miwili, sasa ana kumi. Kiswahili chake ni cha Jambiani kabisa, akiongea ukiwa umempa mgongo huwezi kujua. Wazazi wake bado wanatafuta maneno, yeye ndiye mkalimani wao dukani, na mara nyingine huwatafsiria anavyotaka yeye. Asubuhi anasoma shule ya kijiji na wenzake, jioni mama yake anamkalisha mezani na vitabu vya Kijerumani. Huko kwao, sehemu kubwa ya nchi, mtoto akimaliza darasa la nne, kwenye miaka kumi hivi, ndipo anapopangiwa aina ya sekondari atakayokwenda. Akiingia akiwa nyuma kwa lugha ya darasani, anaweza kupangwa njia ambayo baadaye ni vigumu kuihama. Mama yake anasema akichelewa mwaka mmoja zaidi atakuwa amemfungia mlango mtoto kwa ajili ya starehe yake yeye mwenyewe ya kukaa penye bahari.

Nilimkasirikia. Nikamwambia, "Mlimleta mkamwacha aote mizizi, sasa mnamng'oa." Hakujibu hoja yangu. Alinitazama, akaniuliza, "Na wako? Bibi yake Morogoro anamjua?"

Hilo lilinikaa. Mwanangu hajui Kiluguru hata salamu. Kwa bibi yake amekwenda mara mbili, na mara ya pili alilia usiku akisema panatisha kwa kuwa hasikii bahari. Mlima Uluguru uliokuwa dirishani kwangu utoto wote, yeye anauita "ule mlima wa mama". Mimi na Mjerumani yule tumefanya jambo lilelile, tofauti ni urefu wa nauli.

Tofauti nyingine aliiona mwanangu. Nilipomweleza kwamba rafiki yake anakwenda kwao kusoma, akasema yeye atamfuata akimaliza darasa la sita. Baba yake akamweleza habari ya viza, ya benki, ya barua za mwaliko. Akasikiliza, kisha akauliza, "Mbona wao walikuja tu?" Mume wangu alisema hawakuja tu, nao walikuwa na karatasi zao. Ni kweli, nilizieleza hapo juu. Lakini mtoto alikuwa ameshaona kwamba mlango mmoja unafunguka kwa urahisi kuliko mwingine, na sikuwa na la kumwongezea.

Kitu kimoja ninachoweza kuwaambia walio katika hali kama hii, awe mwalimu anayehamishwa, askari, au mgeni wa nchi nyingine, ni kwamba tulikosea kuwaficha watoto. Miezi minne walikuwa wanapanga mambo ya mwakani, nasi tunawasikia tukikaa kimya. Wangejua mapema wangenuna mapema, wangegombana, wangezoea. Badala yake waliona mabegi. Na jirani yangu alipojaribu kumtuliza mwanawe kwa kusema "tutarudi kila likizo", nilimvuta pembeni nikamwomba asiseme hivyo kama hana uhakika. Boti wanauza. Nyumba wanarudisha. Mwenye nyumba amekwisha kuja mara mbili kupima madirisha.

Bibi aliyemfunga kanga miaka ile bado yupo, ila haoni vizuri. Amemletea yule kijana kifuko cha karafuu akakieleza kwamba kikae kwenye nguo, ili akifungua begi kule baridini apate harufu ya huku. Kijana alimbusu mkono, akasema "Ahsante bibi," akakimbilia ufukweni. Watoto wa miaka kumi hawakai na huzuni ndani ya nyumba.

Huko ufukweni kuna kazi. Kusi linavuma vizuri mwezi huu wa Julai, na watoto wa Jambiani wanashindanisha ngalawa zao ndogo, zile za kuchonga kwa mti laini na kuwekewa tanga la mfuko wa plastiki. Mwanangu na rafiki yake wana moja, waliichonga pamoja mwaka juzi kwa msaada wa mzee mmoja fundi wa madau. Imeshinda mara nyingi na imevunjika mrengu mmoja. Wanaondoka Alhamisi. Mpaka naandika haya, kila mmoja anasema ibaki kwa mwenzake, na jana walipigana kwa sababu hiyo.